Mwangwi Masikioni, Sauti Kavu Kwenye Faili

Sauti ya mwimbaji ikishaingia kwenye kompyuta hupita njia mbili. Njia ya kwanza huishia kwenye diski, ambako sauti huandikwa kama faili. Ya pili hurudi masikioni mwake kupitia hedifoni, wakati uleule anapoimba. Njia hizi hazilazimiki kubeba kitu kimoja. Faili linaweza kubaki na sauti kavu, yaani sauti kama ilivyotoka kwenye maikrofoni, huku hedifoni zikipokea sauti iliyotiwa madoido kama mwangwi, kompresa au kirekebisha tuni. Matatizo mengi yanayowapata wanaorekodi nyumbani, iwe ni sauti kuchelewa, sauti kusikika mara mbili au mwangwi kunasia kwenye faili, hutokea pale njia hizo mbili zinapochanganywa bila mwenyewe kujua.

Mtindo huu umeitangulia kompyuta. Katika studio za tepu, hasa baada ya bamba la mwangwi la EMT 140 kutolewa Ujerumani mwaka 1957, mafundi wengi walizoea kumpelekea mwimbaji mwangwi kwenye hedifoni huku tepu ikipokea sauti isiyo na kitu. Kompyuta ya nyumbani inaweza kazi hiyohiyo, lakini imekuja na ugumu ambao tepu haikuwa nao: kuchelewa.

Kwa nini faili libaki kavu

Mwangwi ulioandikwa pamoja na sauti hautoki. Zipo programu za kuupunguza, na baadhi ni nzuri, lakini huacha alama kwenye sauti yenyewe. Anayerekodi usiku akiwa na biti pekee hawezi kujua wimbo utahitaji mwangwi kiasi gani baada ya gitaa, kinanda na waitikiaji kuongezwa. Mwangwi uliompendeza kwenye hedifoni mara nyingi huonekana umezidi wimbo ukipigwa kwenye spika za gari.

Sababu ya pili inahusu uhariri. Vesi nzuri kwa kawaida huungwa kutokana na marudio kadhaa: mstari mmoja unatoka mara ya pili aliyoimba, mwingine mara ya tano, neno moja tu linatoka mara ya kwanza. Kipande chenye mwangwi kikikatwa, mkia wa mwangwi nao hukatika na kiungo husikika wazi. Programu za kurekebisha tuni baada ya kurekodi, kama Melodyne, huchambua noti moja baada ya nyingine. Mwangwi huifanya noti iliyopita iendelee kulia chini ya noti inayofuata, na uchambuzi huvurugika. Kompresa nayo ikiwekwa baadaye huinua kila kilichokuwa chini, mkia wa mwangwi ukiwemo.

Pamoja na hayo, mwimbaji asiachwe na sauti kavu masikioni. Sauti isiyo na mwangwi ndani ya hedifoni ni kali. Kila pumzi na kila mkwaruzo wa koo husikika, na mwimbaji huanza kujibana. Noti ndefu hukatwa mapema kwa sababu hazina mahali pa kuishia. Aliyezoea kuimba taarab ukumbini, au kwaya kanisani, ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa amejifunza kuimba huku jengo likimjibu. Mwangwi wa kwenye hedifoni unarudisha jibu hilo, na faida yake inabaki ndani ya faili kavu kama uimbaji uliotulia.

Ukavu una mpaka wake. Faili halina madoido ya kompyuta, ila lina chumba. Chumba chenye sakafu ya vigae, kuta za tofali zilizopigwa plasta na dirisha kubwa la kioo hutoa mwangwi wake mwenyewe, mfupi na mkali, na huo hauondoki kwa kitufe chochote. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito pembeni na maikrofoni iliyowekwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni husaidia kuliko maikrofoni ya gharama kubwa katika chumba kitupu. Feni huzimwa. Mvua ikianza kupiga mabati, kazi husimama.

Kuchelewa kunakotoka

Kompyuta haichakati sauti sampuli moja moja. Hukusanya kwanza fungu la sampuli kwenye hifadhi ya muda inayoitwa bafa, kisha hulichakata fungu zima kwa pamoja. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 huchukua milisekunde 1.5 kujaa. Ya 128 huchukua 2.9, ya 256 huchukua 5.8, ya 512 huchukua 11.6, na ya 1,024 huchukua 23.2. Sauti hupita kwenye bafa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na juu yake huongezwa milisekunde chache za kadi ya sauti na za mawasiliano ya USB. Hivyo bafa ya 128 inayoonekana ndogo huweza kumfikia mwimbaji ikiwa milisekunde 8 hadi 10, na ya 512 ikavuka 25.

Wengi hujiuliza kwa nini kiasi hicho kimsumbue mtu, ilhali sauti hutembea hewani takribani mita 343 kwa sekunde na mpiga gitaa aliye mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake huisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 9 bila kulalamika. Jibu liko kwenye fuvu. Mwimbaji huisikia sauti yake papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, kisha hedifoni humletea nakala iliyochelewa. Nakala hizo mbili hukutana sikioni, na baadhi ya masafa hufutana. Nakala iliyochelewa kwa milisekunde 1 hushambulia masafa ya hezi 500 na 1,500; ya milisekunde 5 huanzia hezi 100 na kupanda. Mwimbaji hasemi kwamba kuna kuchelewa. Husema sauti yake imekuwa nyembamba, au inasikika kama iko ndani ya bomba, na mara nyingi maikrofoni ndiyo hulaumiwa.

Kuchelewa kukizidi, tatizo huwa la mdundo. Chini ya milisekunde 10 wengi huimba bila shida. Kuanzia 15 hivi, wanaochana kwa kasi ndio wa kwanza kupotea, kwa sababu silabi zao ziko karibukaribu. Mwaka 1950 mtafiti wa Marekani, Bernard Lee, alieleza jinsi mtu anayesikia sauti yake ikiwa imechelewa anavyogugumia na kurudiarudia silabi, na tafiti za baadaye zilionyesha kwamba usumbufu huo huwa mkubwa zaidi kuchelewa kunapokaribia milisekunde 200. Hedifoni za Bluetooth huweza kufikia kiwango hicho kwa urahisi. Kwa sababu hiyo hazifai kabisa kwa kazi hii, hata zikiwa za bei gani. Hedifoni za waya, zinazofunika sikio lote ili biti isivujie kwenye maikrofoni, ndizo zinazotakiwa.

Draiva, yaani programu inayounganisha kompyuta na kadi ya sauti, ina uzito zaidi kuliko ukubwa wa prosesa. Kwenye Windows, mfumo wa ASIO uliobuniwa na Steinberg mwaka 1997 huipa programu ya kurekodia njia fupi hadi kwenye kadi ya sauti, ilhali draiva za kawaida za Windows huongeza kuchelewa kwingi. Kadi nyingi za sauti zina draiva yake ya ASIO kwenye tovuti ya mtengenezaji, nayo iwekwe kabla ya kitu kingine. ASIO4ALL ni msaada kwa vifaa visivyo na draiva yake. Kwenye Mac, Core Audio tayari imo.

Njia ya kwanza: madoido ndani ya programu

Kati ya njia tatu za kumpa mwimbaji madoido bila kuyaandika, iliyo rahisi kueleweka ni kuiacha programu ya kurekodia ifanye kila kitu. Sauti inaingia, inaandikwa kwenye diski ikiwa kavu, kisha inapita kwenye madoido ya treki na kutoka hedifoni. Programu nyingi ndivyo zilivyojengwa: madoido yaliyowekwa kwenye treki ya sauti husikika lakini hayaandikwi. Katika Pro Tools na GarageBand ndivyo ilivyo. Katika Cubase, madoido ya kwenye treki hayaandikwi, ila yale yaliyowekwa kwenye chaneli ya kuingizia huandikwa. Katika Reaper, kitufe cha FX cha treki ni salama, na kile cha madoido ya kuingilia huandika. Audacity ni tofauti na hizo: haimpi mwimbaji madoido wakati anaporekodi, kwa hiyo anayeitumia atategemea njia ya tatu, ya madoido ndani ya kifaa.

Njia hii inadai bafa ndogo, ya 64 au 128, na bafa ndogo huibana kompyuta. Sauti ikianza kukwaruza na kurukaruka, dawa ya kwanza ni kuupunguzia mradi mzigo. Biti yenye treki 40 haina sababu ya kuwa wazi wakati wa kurekodi sauti. Isafirishwe kama faili moja la WAV la stirio, ufunguliwe mradi mpya wenye biti hiyo na treki za sauti peke yake, na kompyuta ya miaka mingi itapumua. Laptopu iondolewe kwenye hali ya kubana umeme, na intaneti ikatwe wakati wa kurekodi.

Mtego mwingine umo kwenye plagini zenyewe, yaani programu ndogo zinazotengeneza madoido. Zipo zinazohitaji kutazama mbele kabla ya kutenda: limita za kumalizia wimbo, ikwalaiza za aina ya fezi mstari, vifuta kelele na baadhi ya mwangwi unaotumia rekodi za kumbi halisi. Kila moja huongeza kuchelewa kwake juu ya bafa, na programu hulazimika kusubiri. Moja tu kwenye chaneli kuu yatosha kumharibia mwimbaji, hata bafa ikiwa 64. Wakati wa kurekodi, chaneli kuu iwe tupu. Ableton Live, Logic na Cubase zina chaguo la kupunguza kuchelewa kwa aina hii, na linafaa kuwashwa.

Njia ya pili: sauti kutoka kwenye kadi, mwangwi kutoka kwenye kompyuta

Kadi nyingi za sauti, hata za bei ya chini kama Behringer UM2 au Focusrite Scarlett Solo, zina swichi ya kusikiliza moja kwa moja, iliyoandikwa Direct Monitor. Ikiwashwa, sauti ya maikrofoni huchepushwa kwenda hedifoni ndani ya kadi yenyewe bila kupita kwenye kompyuta, na kuchelewa hakusikiki. Kasoro yake inajulikana: sauti hiyo ni kavu, na hapo ndipo wengi huiacha.

Kuiacha ni kupoteza njia iliyo bora kwa kompyuta ya kawaida. Mwangwi, kwa asili yake, ni sauti inayofika baadaye. Katika ukumbi, sauti ya mwimbaji hutangulia, na kuta hujibu kitambo kidogo baadaye. Mafundi hata huongeza pengo hilo kwa makusudi, mara nyingi milisekunde 20 hadi 40, ili maneno yasizibwe. Basi sauti kavu ikija moja kwa moja kutoka kwenye kadi, na kompyuta ikaleta mwangwi mtupu usio na sauti kavu ndani yake, kuchelewa kwa kompyuta hugeuka kuwa pengo hilohilo. Bafa ya 512 iliyokuwa haivumiliki katika njia ya kwanza inakuwa haina neno. Kompyuta dhaifu inapata nafasi ya kutosha, na mwimbaji anapata sauti yake papo hapo na ukumbi nyuma yake.

Masharti ni mawili, na yote yatimizwe. Plagini ya mwangwi itoe mwangwi asilimia 100, sehemu ya sauti kavu ikiwa imeshushwa hadi mwisho, na pengo la ndani ya plagini liwekwe sifuri, kwa kuwa bafa imeshaleta lake. Pili, sauti kavu ya kompyuta isifike hedifoni hata kidogo. Ikipenya, mwimbaji atasikia nakala mbili za sauti yake na ile hali ya bomba itarudi.

Katika Reaper, programu ya kampuni ya Cockos inayoruhusu siku 60 za majaribio na inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, mpangilio huu hujengwa kwa treki tatu. Treki ya kwanza ipewe jina Sauti. Ichaguliwe ingizo la mono la maikrofoni, iwashwe kitufe chekundu cha kurekodi, na kitufe chake cha kusikiliza kizimwe. Hii ndiyo itakayoandika faili. Treki ya pili iitwe Sikio. Ipewe ingizo lilelile, iwashwe kitufe chekundu na cha kusikiliza pia, lakini kwenye orodha inayofunguka kwa kubofya kulia kitufe chekundu lichaguliwe lile linalozuia kurekodi na kuacha kusikiliza tu. Kisha, kwenye dirisha la njia za treki, iondolewe alama inayoipeleka Sikio kwenye chaneli kuu. Treki ya tatu iitwe Mwangwi, iwekewe plagini ya ReaVerbate yenye sauti kavu iliyoshushwa kabisa. Sikio ipelekwe Mwangwi kwa njia ya kutuma, na Sauti vilevile.

Uzuri wa mpangilio huu huonekana wakati wa kusikiliza alichorekodi. Sauti inapochezwa hupita chaneli kuu kama kawaida na kutuma kiasi chake kwenye Mwangwi, hivyo mwimbaji anasikia kitu kilekile alichosikia akiimba, bila kugusa kitufe. Kwa kuwa anayesikiliza na anayeandika ni treki tofauti, hakuna doido litakalopotea njia likaingia kwenye faili. Katika programu isiyo na chaguo la kusikiliza bila kurekodi, treki moja yatosha: fada yake, yaani kitelezi cha kiwango cha sauti, ishushwe hadi chini kabisa na njia ya kutuma mwangwi iwekwe kabla ya fada. Kazi ya kupandisha fada kila wakati wa kusikiliza inachosha, ila matokeo ni yaleyale.

Mwangwi wa kurudiarudia, ule unaorudisha neno zima kwa mdundo, hufanya kazi vizuri kwa njia hii pia. Kwa wimbo wa midundo 90 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 667 na nusu yake ni 333. Kuchelewa kwa 25 kunaweza kutolewa kwenye hesabu, mpangilio ukawa 642 au 308, na rudio la kwanza likaangukia mahali pake.

Njia ya tatu: madoido ndani ya kifaa

Kuna kadi zenye prosesa yake ya madoido. Steinberg UR22C ina mwangwi wa REV-X unaosikika hedifoni kwa kuchelewa kusikoonekana. Kompresa na ikwalaiza zake zina mahali pa kuchagua kama zitaandikwa au zitasikika tu, na chaguo la pili ndilo linalohusika hapa. Universal Audio Apollo ina swichi ya namna hiyo kwenye programu yake: upande mmoja huandika madoido, wa pili huyaacha kwa msikilizaji pekee.

Mikisa ndogo za USB zinahitaji macho zaidi. Nyingi hupeleka kwenye kompyuta mchanganyiko mzima wa chaneli kuu, mwangwi ukiwemo, na mwenye kifaa hujua baada ya wiki nzima ya kazi. Yamaha AG03 na AG06 zina swichi inayochagua kitakachokwenda kwenye kompyuta, na ile nafasi ya DRY hupeleka chaneli bila madoido. Vifaa vya bei rahisi vilivyotengenezwa kwa ajili ya matangazo mubashara ya mitandaoni, vyenye vitufe vya makofi na vicheko, kwa kawaida havina chaguo hilo, na mwangwi wake uzimwe kabisa wakati wa kurekodi wimbo.

Kirekebisha tuni kinapotakiwa masikioni

Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na tangu wimbo wa Cher wa mwaka 1998, “Believe”, sauti yake ya kuruka kutoka noti hadi noti imekuwa mtindo wa uimbaji wenyewe. Msanii wa Bongo Fleva anayeijenga melodi yake juu ya mruko huo anahitaji kuusikia anapoimba, maana anaicheza sauti dhidi ya mashine. Kumwambia aimbe bila kuusikia ni kumnyima ala yake.

Njia ya pili haifai hapa. Kirekebisha tuni hakiongezi kitu nyuma ya sauti. Kinaiondoa sauti na kuweka nyingine, na nakala ya moja kwa moja isiyorekebishwa ikisikika pamoja nayo, mbili hizo hugombana. Swichi ya kusikiliza moja kwa moja izimwe, bafa ishushwe hadi 64 au 128, na ichaguliwe plagini iliyotengenezwa kwa kazi ya papo hapo. Waves Tune Real-Time ni mojawapo, Auto-Tune ina hali ya kuchelewa kidogo, na kwa asiyetaka kulipa, MAutoPitch na toleo la bure la Graillon zinafaa kuanzia. Melodyne haifanyi kazi hii, kwa kuwa huchambua faili lililokwisha kurekodiwa. Hedifoni zipandishwe kidogo ili sauti ya mashine ishinde ile ya mifupa.

Ufunguo wa wimbo uwekwe sahihi kabla ya kuanza. Plagini iliyoachwa kwenye noti zote 12 humvuta mwimbaji kwenye noti jirani isiyokuwamo katika wimbo, naye huanza kuikimbia. Kwa taarab na kaswida, ambako koo huzunguka katikati ya noti na vipambo vyake ndivyo uzuri wenyewe, kirekebisha tuni kisiwepo masikioni. Kinasawazisha kile ambacho mwimbaji ametumia miaka kukijifunza. Na faida ya faili kavu hapa ni kubwa kuliko mahali pengine popote: ufunguo ukiwa umekosewa, unabadilishwa kesho yake bila mtu kurudi kwenye maikrofoni.

Kiasi cha kila kitu hedifoni

Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliye kwenye kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Mwimbaji ambaye biti imemzidi hufanya hivyohivyo: hupiga kelele, tuni hupanda na koo huchoka kabla ya kiitikio cha pili. Kinyume chake, sauti yake ikiwa juu mno hedifoni, huimba kwa kujizuia na noti hulegea chini. Kwa hiyo kabla ya kushuku kipaji cha mtu, fundi mwenye busara huisogeza biti desibeli mbili au tatu na kusikiliza tena.

Mwangwi ukizidi huficha makosa. Maneno hupoteza kingo, mianzo huchelewa, na tuni iliyoteleza hufunikwa. Kiasi kizuri ni kile ambacho mwimbaji hakitambui mpaka kizimwe. Kompresa nyepesi masikioni humsaidia asikie minong'ono, lakini ikibanwa sana humfundisha kuimba kwa nguvu moja, kwa sababu kila anachofanya kinarudi sawa. Baadhi huimba vizuri zaidi sikio moja likiwa nje ya hedifoni. Hilo ni jema, ila upande ulio wazi uzimwe au ubanwe kichwani, vinginevyo mdundo wa biti utaandikwa kwenye faili na hakuna wa kuuondoa.

Kiwango cha kurekodi hakihusiani na sauti ya hedifoni, na hili huwachanganya wanaoanza. Kitufe cha geini kwenye kadi huamua kinachoandikwa. Cha hedifoni huamua kinachosikika. Kwa kina cha biti 24, vilele vya kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6 vinatosha kabisa. Anayetaka kujisikia zaidi apandishe hedifoni au ashushe biti. Akipandisha geini, kilio kimoja cha kiitikio kitapasua faili, na mpasuko nao hauondoki.

Kuhakikisha na kutibu

Jaribio la kwanza ni la ukavu. Hurekodiwa mstari mmoja unaoishia na pigo la kofi, kisha faili lenyewe hufunguliwa nje ya mradi, kwa kichezeshi cha kawaida cha kompyuta. Baada ya kofi panatakiwa kimya na chumba tu. Mkia mrefu ukisikika, doido limeandikwa, na pa kutazama ni chaneli ya kuingizia, madoido ya kuingilia au kifaa chenyewe.

Jaribio la pili ni la mahali. Programu hurudisha nyuma sauti iliyorekodiwa kwa kiasi ambacho draiva imedai kuchelewa, na draiva nyingine hukosea. Waya mmoja kutoka kwenye tundu la kutolea hadi la kuingizia, pigo la metronomu likachezwa na kurekodiwa upya, huonyesha ukweli. Pigo jipya likiwa nyuma ya la zamani kwa sampuli 100, kasi ikiwa 44,100, kosa ni milisekunde 2.3, na programu nyingi zina mahali pa kuandika sahihisho hilo mara moja. Wakati wa jaribio, kusikiliza kuzimwe ili sauti isizunguke na kulia.

Sauti ikisikika mara mbili, swichi ya kadi na kitufe cha kusikiliza cha programu vyote vimewashwa, na kimoja kizimwe kulingana na njia iliyochaguliwa. Mwangwi ukikosekana kabisa, mara nyingi treki ya kusikiliza haikuwashwa kitufe chekundu. Sauti ikiwa nyembamba ingawa bafa ni ndogo, wakati madoido yanatoka kwenye programu, igeuzwe poleriti ya treki. Mwimbaji mwenyewe atasema upande upi umejaa, na faili halibadiliki. Mngurumo usiokoma unaopotea chaja ya laptopu ikichomolewa ni wa umeme usio na ethi nzuri, na suluhisho la haraka ni kurekodi kwa betri.

Kumpelekea prodyuza

Mengi yanayorekodiwa nyumbani humaliziwa kwingine, na faili kavu ndilo analotaka prodyuza. Kila treki isafirishwe ikianzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili, ili zote zipangwe sifuri bila kukisia. WAV ya mono, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 8.6 kwa dakika, na hilo si faili zito. Kwenye WhatsApp itumwe kama hati, kwa kuwa ikitumwa kama ujumbe wa sauti hubanwa na kuharibika.

Pamoja na faili kavu iende nakala moja ya wimbo mzima ikiwa na madoido yaliyosikika hedifoni, iliyopewa jina linaloonyesha kwamba ni ya kusikiliza tu. Mwimbaji aliimba kwa kuujibu mwangwi ule: aliacha mapengo ili marudio yajaze, alikata noti akijua itaendelea bila yeye. Prodyuza asiyeusikia anaweza kuyaziba mapengo hayo kwa dabo (sauti za kurudufu) zisizohitajika. Midundo kwa dakika, ufunguo wa wimbo na kasi ya sampuli viandikwe kwenye jina la folda. Faili la 48,000 likichezwa kwenye mradi wa 44,100 bila kugeuzwa, huenda polepole na kushuka kiasi cha semitoni moja na nusu.